Mzee Sefu Aliomba Supu

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huwa naiweka chai chini hata kama bado ya moto. Umekuja hapa na simu yako, umenionyesha picha ya huo upinde mpya, umenionyesha na shamba la wanyama mtakalokwenda wewe na wenzako wa ofisini, kisha unaniuliza huku unacheka: "Mjomba, nimpige tandala wa kwanza atakayetokea, au nisubiri mwenye pembe kubwa?" Umeniuliza kwa mzaha kwa sababu unanijua, mimi ni muuza vitambaa wa mjini, hata kuku nikimkimbiza ananishinda. Lakini swali hilo kwangu si la mzaha. Nimewahi kukaa ndani ya kibanda cha kuvizia na mtu aliyekuwa akijiuliza hilo hilo, na nikaona kwa macho yangu jibu lake lilikomfikisha. Basi zima hiyo simu. Izime kabisa, usiigeuze tu kifudifudi, nawajua nyinyi.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, na nywele zangu zote kichwani. Nilikuwa nakaa hapa hapa Johannesburg, katika jengo moja kuukuu karibu na stendi ya teksi. Lifti ilikuwa imekufa kabla sisi hatujafika, na chini kulikuwa na kanisa la Wakongo, wakianza kuimba Jumapili vikombe vyetu vinatikisika kabatini. Nilipanga chumba katika fleti ya rafiki yangu Hemedi, mtu wa Handeni, aliyekuwa akiishi na mkewe Mwanaidi. Hemedi alifanya kazi mtaa wa Marshalltown, kwenye karakana ya Kaburu mmoja anayetengeneza vichwa vya wanyama. Wenye kuwinda walimletea kichwa na ngozi, akavishughulikia mpaka mnyama akatundikwa ukutani anakukodolea macho utadhani atapiga chafya. Hemedi kazi yake ilikuwa kuchemsha mafuvu na kusugua pembe. Alirudi nyumbani ananuka dawa, na Mwanaidi hakumruhusu hata kukanyaga mkeka kabla hajaoga.

Bosi wake alimpenda. Alimfundisha kupiga upinde wa kisasa, wenye magurudumu kama huo wako, nyuma ya karakana, na Hemedi akaushika upesi kuliko alivyotarajiwa. Si ajabu. Alikuwa mtoto wa mwindaji.

Baba yake aliitwa Mzee Sefu. Huyo alikuwa mtu wa upinde na mshale huko Handeni tangu ujana wake, mwembamba, mcheshi, anatembea bila kutoa sauti hata kwenye ngazi zetu zile za saruji. Hemedi alimleta huku atibiwe koo. Ilianza chakula kukwama, ikafuatia ugali kumshinda, halafu wali, mwisho akabaki na uji na vitu vya majimaji. Madaktari walipomaliza kumpima walimweka Hemedi pembeni, wakamwambia njia ya chakula inajiziba, na kwa umri ule kupasuliwa hataweza. Mpeni anachokitamani maadamu bado kinashuka, walisema, maana itafika siku hata maji hayatashuka.

Tukamuuliza anatamani nini. Mwanaidi, maskini, alimtajia kila anachojua kupika, samaki wa nazi, maandazi ya kuloweka kwenye chai, mchuzi wa kuku. Mzee akatikisa kichwa. "Supu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Supu ya nyama ya porini. Yoyote ile. Nionje mara moja, basi."

Najua unachotaka kusema. Johannesburg nyama ya porini imejaa madukani. Ipo, naam, lakini nani kaichinja? Mnyama kapigwa risasi na mtu asiyetaja jina la Mungu, kafa hivyo hivyo, kachunwa. Kwa Mzee Sefu hicho kilikuwa kibudu, na yeye tangu azaliwe hajala kibudu. Usingemwambia habari ya dharura akakuelewa. Ilibidi mnyama apigwe na Mwislamu, asome Bismillahi mshale ukitoka, na akimkuta yu hai amchinje. Katika watu wote tuliokuwa tukiwajua mji huu mzima, wa kuweza hilo alikuwa mmoja tu, naye ni mwanawe.

Bosi aliposikia habari hiyo alifanya wema ambao mpaka leo namwombea. Alikuwa na rafiki mwenye shamba la wanyama huko kaskazini. Akamwombea Hemedi nafasi ya tandala mmoja. Dume au jike, mkubwa au mdogo, achague mwenyewe, lakini ni mmoja tu, na ukishamtoa damu umeshamchukua, hata akitoroka. Hemedi alimbusu baba yake mkono, tukaondoka alfajiri kwa bakki ya bosi, ile gari ya wazi nyuma. Mimi nilikwenda kusaidia kubeba. Na kusema kweli nilikwenda pia kwa umbea wangu, nilitaka nikaone.

Kibanda chenyewe kilikuwa kimechimbwa nusu ardhini, karibu na dimbwi la maji, kina kidirisha cha kutolea mshale. Ndani ni joto na vumbi, na marufuku kukohoa. Mimi ambaye hata msikitini naombwa nipunguze sauti, nilikuwa kama nimefungwa jela. Hatukukaa sana, akaja jike. Asubuhi ile ile ya kwanza, mwanangu. Amenona, anatembea kwa madaha, masikio yake makubwa yanageuka huku na huku. Akainama akanywa, karibu nasi kiasi kwamba nilimsikia akimeza.

Hemedi akauvuta upinde. Mimi namsubiri aseme Bismillahi. Hakusema. Akaushusha taratibu, akanitazama, akatikisa kichwa.

Jike akanywa akashiba, akaenda zake. Nilimnong'oneza Hemedi kwa hasira, "Una wazimu wewe? Supu ya mzee ile inaondoka na miguu yake!"

"Nataka mwenye pembe," akasema.

Nikadhani ni ugonjwa wa karakana. Mtu kutwa anasugua pembe za wengine, na yeye anatamani zake. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumtukana. Lakini kwanza akanieleza.

Mzee Sefu alipokuwa kijana alimpiga tandala dume mwenye pembe ambazo hakupata kuona mfano wake tena. Mnyama akakimbia na mshale mwilini, akapotelea vichakani. Mzee akamtafuta mpaka akakata tamaa, akarudi kijijini mikono mitupu. Alipowasimulia watu wakaangua kicheko. Wakampachika jina, Sefu Pembe. Basi Hemedi akakua anaitwa mtoto wa Pembe, shuleni mtoto wa Pembe, kisimani mtoto wa Pembe, hata siku ya harusi yake mtu mmoja alilichomekea jina hilo kwenye wimbo, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wenzake walidhani ni utani. Yeye lilikuwa linamchoma.

"Athumani," aliniambia, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, "nataka nimwekee mkononi. Aguse kabla hajafa. Ajue kuna mtu mmoja aliyemsadiki."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Angekuwa anatafuta sifa ningemkemea, na mimi kukemea najua. Lakini alikuwa anampenda baba yake mpaka anatetemeka. Ndiyo maana hadithi hii inaniumiza. Ingekuwa ya mtu mchoyo nisingeihifadhi moyoni miaka yote hii.

Jioni tukapanda kwenye kilima kilichokuwa karibu na geti kutafuta mtandao. Mwanaidi akatuambia leo uji umeshuka nusu kikombe, tena kwa taabu, akampa mzee simu. Hemedi aliiweka sauti ya nje ili nami nisalimie.

"Mmepata?" mzee akauliza.

"Bado, Baba. Nakutafutia mkubwa."

Tukasikia pumzi zake zile za kukwaruza. Kisha akasema, "Mkubwa wa nini, mwanangu? Hata digidigi. Leta tu."

Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Hemedi akakata simu, akatabasamu, akasema, "Unamwona alivyo? Ananihurumia. Hataki nihangaike." Ndivyo tulivyo, mwanangu. Mtu anatuambia anachokitaka kwa Kiswahili chepesi kabisa, cha mtoto wa chekechea, na sisi tunajitia kumfasiri. Tunasema anaona haya, tunasema hajui kilicho bora kwake, kumbe amekwisha kusema na amemaliza.

Kesho yake akaja dume mdogo. Alikuwa na pembe, naam, zimeanza kujipinda, zinapendeza. Nikamfinya Hemedi paja. Pembe hizo hapo, nini tena? Akasema huyo bado mtoto, baba atacheka. Akamwacha aende. Hapo uvumilivu ukanishinda, nikamwambia maneno ambayo hayakuwa ya mtu kumwambia rafiki yake: "Koo la baba yako halitangoja pembe za mtu zikue." Akanuna. Kutwa nzima hakunisemesha. Magharibi aliniacha niwe imamu, tukaswali wawili tu pale kando ya gari, na tulipotoa salamu akainuka bila kunipa mkono.

Siku ya mwisho ikaingia. Mwenye shamba alikuwa na wageni wengine wanakuja, na sisi ilikuwa lazima tuondoke. Jua likapanda, hakuna kitu. Ngiri wakaja wakajigaragaza matopeni wakaondoka. Hemedi midomo ilikuwa imemkauka, na nilijua anajuta, ila hawezi kusema. Ndipo akatokea.

Mungu ana viumbe, mwanangu, sitaki kukudanganya. Yule dume alitoka vichakani hatua moja akasimama, hatua moja akasimama, na pembe zake zilikuwa zimejizungusha mpaka mtu unajiuliza shingo inazibebaje. Hemedi akauvuta upinde, akasema Bismillahi Allahu Akbar, safari hii nikaisikia wazi. Mshale ukaingia nyuma ya bega. Mnyama akakimbia kidogo tu, akapiga magoti. Tukatoka mbio, Hemedi akamkuta bado anahema, akamchinja kama inavyotakiwa. Akakaa chini pale kwenye damu akalia kwa furaha. Mimi pia nilifurahi. Nikamkumbatia, tukasameheana yote, nikajiona mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Tulipopita kile kilima simu ya Hemedi ikaita. Mwanaidi. Alisema neno moja, "Njooni," akakata.

Safari ya kurudi sina hamu ya kuisimulia. Tulipoingia mjini kila roboti, kama watu wa huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, na kila tukisimama Hemedi anapiga usukani kwa kiganja. Ngazi alizipanda mbio na paja la nyama begani. Mimi nyuma nimebeba kichwa ndani ya gunia, natweta.

Tulimkuta yu hai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Mwanaidi alitupokea mlangoni, akatuambia kwamba tangu asubuhi maji hayashuki. Anamlowesha midomo kwa pamba.

Hemedi akasema pika. Pika tu. Mwanaidi akapika, chumvi na tangawizi kidogo, kama mzee alivyokuwa akimweleza siku zote zile alizokuwa akiingoja. Harufu ikajaa fleti nzima. Mzee Sefu akafumbua macho, na uso wake ukachangamka kama zamani. "Tandala," akasema. Aliijua kwa harufu. Tukamwinua kwa mito, Hemedi akapoza supu, akamtia kijiko kinywani. Mzee akaishika mdomoni, akafumba macho, akajaribu kumeza. Haikwenda. Ikarudi na kikohozi, ikatokea hadi puani. Akatuashiria tena. Tukampa tena. Ikarudi tena. Machozi yakawa yanamtoka, na yeye anajifuta kidevu kwa haya mbele ya mke wa mwanawe. Sijapata kumwona mtu mzima analilia kijiko cha supu, na namwomba Mungu asinionyeshe tena.

Alipotulia, Hemedi akaleta pembe. Sijui alitaka nini wakati ule, nadhani alitaka siku zile zisiwe zimepotea bure. Akauchukua mkono wa baba yake akauweka juu ya pembe hizo. "Baba, hizi hapa. Kama zile ulizotusimulia. Waliokuwa wakikuita Pembe, waje waone."

Mzee akazipapasa polepole, kuanzia chini, akafuata mapindo yake mpaka nchani. "Nzuri," akasema. "Hongera." Akapumzika. Kisha akamtazama mwanawe kwa mshangao kidogo. "Lakini yale mimi nilishayasahau, baba. Tulikuwa tukicheka pamoja."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya pembe. Halafu akauliza, si kwa ukali, na wallahi bora angeuliza kwa ukali:

"Majike hamkuwaona?"

Hemedi akainama kulikunja lile gunia. Mimi nami nikageukia dirishani. Mwanaidi alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, akaondoka na bakuli kwenda jikoni. Mzee naye alielewa. Alikuwa mwindaji, alijua kwenye maji nani hutangulia.

Alifariki kabla ya Ijumaa. Radhi alimpa mwanawe, hilo niseme ili usimdhanie vibaya, alimpa mbele yetu na akamshika kichwa. Nyama tukaipika kwenye hitima. Watu wakala, wakasifu, wakauliza nyama gani hii tamu hivi, na Hemedi ndiye aliyekuwa akizunguka na sinia kuwaongeza. Yeye mwenyewe hakutia hata tonge mdomoni. Pembe alizipeleka karakana, bosi akazitundika, baadaye akaja mtu akazipenda akaondoka nazo. Siku hizi Hemedi yuko kwao Handeni, analima. Tukizungumza kwa simu tunazungumza mvua na wajukuu. Hilo hatuligusi.

Sasa nikujibu swali lako. Ukienda porini kwa ajili ya nafsi yako, likizo yako na starehe yako, basi ngoja mwenye pembe mpaka ndevu zikuote, sina neno. Mimi sina ugomvi na pembe. Lakini kama kuna mtu nyumbani anakungoja, usimpelekee ulichokipenda wewe. Mpelekee alichokuomba, na mpelekee akiwa bado anaweza kukipokea. Akiomba kidogo, mpe hicho kidogo leo. Kikubwa utampa siku nyingine, Mungu akijaalia iwepo. Na akishakwambia anachotaka, usikae kumtafutia maana nyingine. Mwamini.

Wala usiniangalie hivyo, unajua naelekea wapi. Juzi nimezungumza na mama yako Tanga. Dada yangu si mtu wa kulalamika, wewe unamfahamu. Ameniambia macho yanazidi kuingia ukungu, jirani akipita mlangoni anamtambua kwa sauti tu. Akaniambia, "Kaka, mwambie mwanangu aje nimwone." Nikamuuliza umemwambia mwenyewe? Akasema nimemwambia, anasema nisubiri, anamalizia nyumba, anataka aje na funguo anikabidhi. Nyumba nzuri, najua, umenionyesha na ramani. Lakini nani kakuomba funguo, mwanangu? Mama anaomba uso wako. Na wewe unamngojesha huko, upo kibandani unawaacha majike wanakunywa maji wanaondoka.

Hiyo likizo uliyoombea uwindaji, kaibadilishe. Wenzako wa ofisini huko Sandton waambie una dharura nyumbani, na hutakuwa umesema uongo. Nenda hivyo ulivyo, na begi moja, nyumba haina paa, funguo huna. Kaa naye barazani mchana kukiwa na mwanga mzuri, mwache akuangalie mpaka achoke. Mungu akunyooshee njia, akulinde barabarani na angani, na akufikishe ukabishe hodi, naye ainue uso akuone kwa macho yake kabla hujasema neno. Amina. Haya, washa simu yako sasa, utafute ndege.